Tunakaza Nati, Tunasahau Flenji

Ukiingia karakana ya mbao huku Mara, iwe Tarime mjini, Mugumu au senta kama Nyansurura, kuna uwezekano mkubwa ukakuta mashine ya kupasulia iliyoundwa na fundi wa kuchomelea wa hapo hapo: meza ya chuma, shafti juu ya beringi mbili, puli, mkanda, mota au injini ya dizeli, na bledi inayochomoza katikati ya meza. Subiri siku bledi inabadilishwa, utasikia sentensi moja: "Kaza hiyo nati, mura!"

Makala hii inaikosoa sentensi hiyo. Simkosoi fundi, maana kuunda mashine inayopasua mbao kwa vyuma chakavu si kazi ya mchezo. Nakosoa fikra iliyomo ndani yake: kwamba usalama wa bledi unategemea nguvu ya mkono unaokaza nati. Fikra hiyo iko pia kwenye masomo mengi ya ufundi na kwenye karatasi za maelekezo zinazokuja na mashine za dukani, ambapo sehemu hii yote humalizwa kwa maneno mawili tu, "kaza vizuri". Fizikia inasema kitu kingine. Nati ina kazi ndogo kuliko tunavyodhani. Kazi kubwa ni ya flenji, zile sahani mbili za chuma zinazoibana bledi kushoto na kulia, na hizo ndizo tunazozichukulia kama washa tu.

Kwa nini ujali, hata kama wewe si fundi? Kwa sababu bledi ya kipenyo cha milimita 300 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda mita 47 kwa sekunde, karibu kilomita 170 kwa saa. Hakuna basi la Tarime kwenda Mwanza linalokimbia hivyo. Na mtu anasukuma mbao kwenye kitu hicho kwa mikono mitupu.

Ni nini hasa kinachoizungusha bledi?

Tuanze na swali ambalo wengi hawajiulizi. Bledi ina tundu la mviringo katikati, na shafti nayo ni ya mviringo. Hakuna jino wala pini kati yake. Sasa bledi inazungushwa na nini?

Inazungushwa na msuguano. Flenji ya ndani imeungana na shafti. Flenji ya nje inasukumwa na nati. Bledi iko katikati kama nyama kwenye chapati, na inaburutwa kwa sababu imebanwa. Nati yenyewe haiigusi bledi. Kazi ya nati ni kuleta nguvu ya kubana, na flenji ndizo zinazoigeuza nguvu hiyo kuwa mzunguko.

Hebu tupige hesabu. Mota ya kilowati 2.2, ile inayoitwa ya hosipawa tatu, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 7 hivi. Hicho ndicho kiasi ambacho msuguano unapaswa kukimudu.

Sasa chukua spana ya urefu wa sentimita 20, uisukume kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10. Hapo umekaza nati kwa nyutoni mita 20. Kwa nati ya milimita 20, kanuni ya kawaida ya boliti inakupa nguvu ya kubana ya nyutoni 5,000, sawa na uzito wa nusu tani. Flenji za kipenyo cha milimita 60, zinazogusa bledi kwenye ukingo wake wa nje, zitageuza nguvu hiyo kuwa msuguano unaoweza kuhimili nyutoni mita 40 hivi. Hiyo ni karibu mara sita ya mahitaji ya mota yako. Yaani kwa kupasua kwa kawaida, mkono mmoja na spana fupi vinatosha na kubaki.

Linganisha na ile mbinu ya kuchomeka bomba la mita moja kwenye spana na kuliegemea kwa kilo 30. Hesabu ile ile inakupa nguvu ya kubana ya tani 7 na nusu. Uzi wa milimita 20 uliokerezwa kwenye chuma laini cha kawaida huanza kuvutika na kupoteza umbo kwenye tani 6 hivi. Kwa maneno mengine, ukikaza kwa bomba huongezi usalama. Unaharibu uzi, unaipinda flenji ya nje kama imetengenezwa kwa bati jembamba, na unaandaa tatizo la kesho.

Tatizo la kesho ndilo linaloumiza watu. Nati ikigoma kufunguka, fundi anaahirisha kubadilisha bledi. Bledi butu inabaki kwenye mashine wiki nzima. Bledi butu inataka msukumo mkubwa, na mkono unaosukuma sana ndio unaoteleza. Kwa hiyo nati iliyokazwa kupita kiasi ni hatari ileile tunayodhani tunaikimbia, imepita tu mlango wa nyuma.

Uzi wa kushoto: maelezo ya nusu njia

Kuna maelezo mengine maarufu, na haya hutolewa kwa kujiamini sana: "Nati ya msumeno ina uzi wa kushoto ili isifunguke." Ukiuliza kwa nini, mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Maelezo haya ni kweli kwa baadhi ya mashine na si kweli kwa nyingine. Kinachotawala si kushoto wala kulia, ni uhusiano kati ya uzi na mwelekeo wa mzunguko. Fikiria shafti inapoanza kuzunguka ghafla. Bledi, flenji ya nje na nati vina uzito, kwa hiyo vinachelewa kidogo. Mbao nayo inapokatwa inaizuia bledi, na bledi inachelewa zaidi. Kila kuchelewa huku kunaivuta nati kinyume na mzunguko wa shafti. Basi uzi ukiwa umekatwa ili "kinyume na mzunguko" ndiyo kukaza, nati inajikaza yenyewe. Ukiwa umekatwa upande mwingine, kila mbao unayopasua inaifungua kidogo kidogo.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kwenye mashine iliyopangwa sawasawa, nati hufunguka kuelekea upande ule ule inakozunguka bledi. Ukiitazama bledi kutoka upande wa nati ukaiona inazunguka kinyume na saa, uzi wa kawaida wa kulia ndio sahihi. Ukiiona inazunguka kama saa, hapo ndipo unahitaji uzi wa kushoto.

Mfano mzuri upo kwenye karakana yoyote ya vyuma: mashine ya kunolea yenye mawe mawili. Shafti ni moja na mwelekeo ni mmoja, lakini nati ya jiwe la kulia ina uzi wa kawaida na ya jiwe la kushoto ina uzi wa kushoto. Ukiwa nyumbani, angalia feni ya meza. Kile kifuniko cha plastiki kinachoshika mapanga kinakazwa kwa kukizungusha kinyume na mwendo wa feni. Ni kanuni ile ile.

Mfano ambao haufai, ingawa walimu wengi wanaupenda, ni pedali ya kushoto ya baiskeli. Ni kweli ina uzi wa kushoto, lakini sababu yake ni nyingine. Pale uzito wa mguu unaukandamiza mhimili wa pedali upande mmoja wa tundu lake, na mkandamizo huo unazunguka tundu zima kila pedali inapozunguka, hivyo mhimili unajiviringisha taratibu. Ukiitumia kanuni ya kuchelewa kwenye pedali utapata jibu la kinyume. Nakushauri usiichanganye hapa.

Sasa rudi kwenye mashine yetu ya mtaani. Mkereza vyuma analetewa shafti na anaambiwa "kata uzi mwisho hapa". Hajaambiwa bledi itakaa upande gani wala itazunguka kuelekea wapi. Anakata uzi wa kawaida, maana nati zake ndizo zinazopatikana dukani. Matokeo yake ni kama kurusha shilingi: mashine moja inajikaza, nyingine inajifungua. Yule aliyebahatika anasema "hii mashine sijawahi kuona ikilegea", na asiyebahatika anaambiwa hajui kukaza.

Hata mashine iliyoanza sawa inaweza kuharibiwa mwelekeo. Kwenye umeme wa njia tatu, ukibadilishana nyaya mbili kati ya tatu, mota inazunguka kinyume. Jambo hili ni rahisi kutokea mashine ikihamishwa kutoka jengo moja kwenda jingine. Kwa injini ya dizeli, mkanda ukifungwa kwa kupishana kama namba nane, matokeo ni yale yale. Fundi ataligundua haraka kwa sababu meno yatakuwa yanatazama kinyume. Dawa sahihi ni kurudisha nyaya au mkanda. Dawa mbaya, inayoonekana rahisi, ni kuigeuza bledi na kuanza kulishia mbao upande wa pili wa meza. Mashine itapasua vizuri kabisa, na nati itaanza safari ya kutoka.

Mbao zetu haziisaidii hali hii. Mkaratusi una mkazo mkubwa ndani ya gogo tangu ukiwa unakua. Ukiupasua, vipande viwili hujipinda, na mara nyingine hujifunga nyuma ya bledi na kuibana. Mbano huo wa ghafla unaweza kuzidi ule msuguano wa nyutoni mita 40 tuliouhesabu. Bledi ikiteleza kati ya flenji, inaiburuta flenji ya nje, na flenji ya nje inaiburuta nati. Uzi ukiwa sahihi, utaikuta nati imekaza kuliko ulivyoiacha. Uzi ukiwa wa kinyume, omba iwe imebakiza nyuzi kadhaa.

Tuwe wakweli pia kwamba uzi sahihi haumalizi kila kitu. Unafanya kazi shafti inapoanza na inapokata. Shafti ikisimamishwa ghafla mambo yanageuka: bledi na nati zinataka kuendelea mbele, na huko mbele ndiko kufungua. Uingereza, kwa mfano, mwongozo wa usalama wa mashine za mbao unazungumzia breki inayosimamisha bledi ndani ya sekunde 10, na mwenye mashine ya namna hiyo hawezi kuutegemea mwelekeo wa uzi peke yake. Mashine zetu nyingi hazina breki kabisa, zinajisimamia zenyewe polepole, kwa hiyo tatizo hili bado halijatufikia. Siku tutakapoanza kuweka breki, na tunapaswa kuweka, litatufikia.

Chembe moja ya unga wa mbao

Hadi hapa nimezungumzia kushika. Flenji ina kazi ya pili ambayo nati haiwezi kuifanya hata ukiikaza kwa trekta: kuisimamisha bledi wima.

Bledi ni sahani nyembamba na pana. Inachoegemea ni flenji peke yake. Kosa lolote dogo kwenye flenji linakuzwa kadiri unavyokwenda kwenye meno. Chukua flenji ya milimita 60 na bledi ya milimita 300. Chembe ya unga wa mbao yenye unene wa milimita 0.1, yaani unene wa karatasi moja ya daftari, ikikaa kwenye ukingo wa flenji, bledi inaegemea upande. Kwa kuwa bledi ni pana mara tano ya flenji, meno yanayumba jumla ya milimita 0.5.

Utasema nusu milimita si kitu. Ebu tuone. Una ubao wa upana wa milimita 300 na unataka fito za milimita 20. Bledi yenye njia ya milimita 3 inakupa fito 13: mbao milimita 260, na mikato 12 inakula milimita 36, jumla 296. Bledi hiyo hiyo ikiyumba inafungua njia ya milimita 3.5. Mikato 12 sasa inakula milimita 42, jumla inakuwa 302, na ubao hautoshi. Unapata fito 12. Chembe moja ambayo hukuifuta imekula ufito mmoja katika kila ubao, na ufito huo umelala chini ya meza kama unga.

Zaidi ya hasara, bledi inayoyumba inasugua mbao kwa ubavu, inapata moto, na chuma chake kinapoteza unyofu. Fundi anaona mbao inatoka na alama nyeusi za kuungua, anasema bledi ni feki. Inawezekana kweli ni feki, lakini kabla ya kurudi dukani kugombana, angalia flenji.

Ndiyo maana flenji nzuri haiwi bapa uso mzima. Inachimbwa kidogo katikati, ili iguse bledi kwenye ukingo wa nje tu. Kwa njia hiyo kishikio kinakuwa mbali na shafti, bledi inasimama imara, na kile kibonge cha chuma kinachobaki kwenye kona ya shafti baada ya kukereza hakipati nafasi ya kuiegemeza. Kwenye mawe ya kusagia vyuma, kanuni za Marekani zinataka flenji isipungue theluthi moja ya kipenyo cha jiwe. Bledi ya mbao si jiwe, lakini wazo linaeleweka: kishikio kiendane na ukubwa wa kinachoshikwa. Washa ya boliti yenye milimita 37 kwenye bledi ya milimita 300 haistahili kuitwa flenji.

Tundu kubwa, shafti nyembamba

Kosa la tatu linatokana na soko. Bledi zinakuja na matundu ya vipimo mbalimbali: milimita 20, 25.4, 30. Shafti yako ni ya milimita 25, bledi uliyoipata ina tundu la 30. Ukiifunga hivyo hivyo, inaweza kukaa milimita 2.5 nje ya kitovu.

Bledi ya kilo moja ikiwa nje ya kitovu kwa kiasi hicho, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, inatoa nguvu ya kutikisa ya nyutoni 247. Ni kama kilo 25 zinazozivuta beringi zako kila upande, mara 50 kila sekunde. Juu ya hapo, meno ya upande mmoja tu ndiyo yanayokata kweli, mengine yanasindikiza. Kukaza nati hakurekebishi hili hata kidogo, kunaishikilia bledi pale pale ilipokosewa.

Ukanda wa bati uliozungushwa kwenye shafti unapunguza tatizo bila kulimaliza, kwa sababu bati linakunjamana na halina unene sawa pande zote. Kinachotakiwa ni bushi iliyokerezwa, nyembamba kidogo kuliko bledi yenyewe ili isizizuie flenji kubana. Kwa mkereza vyuma hiyo ni kazi ndogo sana.

Mashine yetu inadai mchoro, haidai misuli

Nikiihukumu mashine ya mtaani kwa ujumla, sehemu yake kubwa inanishawishi. Meza ni nzito na haitikisiki, beringi zinapatikana hata senta ndogo, mkanda unateleza mzigo ukizidi na hivyo kuilinda mota. Hayo ni maamuzi mazuri ya kihandisi, hata kama hakuna aliyeyaandika. Udhaifu uko kwenye sentimita 10 za mwisho za shafti, pale bledi inapokaa. Pale pamefanywa kama pa kufunga gurudumu la mkokoteni.

Dawa ninayoiona bora kuliko zote haihusu uzi kabisa. Mwambie mkereza aikate shafti pande mbili ziwe bapa pale flenji ya nje inapokaa, na tundu la flenji lichongwe lifuate umbo hilo. Mashine nyingi za dukani za kukatia mbao kwa pembe zina umbo kama hili. Flenji ya nje haiwezi tena kuzunguka peke yake juu ya shafti. Bledi ikiteleza, inaiburuta flenji, flenji inakataa kwa sababu imeshikwa na zile bapa, na nati haipati habari. Nati mbili zinazokazana, ambazo wengi wanazitumia, ni msaada wa kweli zikikazwa ipasavyo, lakini zinazuia dalili na kuacha chanzo. Kuichomelea nati kidogo ili isitoke ni kufunga ndoa na bledi butu.

Ukiwa Nyansurura na flenji ikaharibika, huendi dukani kutaja namba upewe nyingine. Unakwenda kwa mtu mwenye mashine ya kukereza, Mugumu, Tarime au Musoma, na unaeleza kwa mikono. Hapo ndipo ninapowalaumu wasomi, mimi nikiwemo kwenye kundi hilo, kuliko ninavyomlaumu fundi. SIDO ipo tangu 1973, VETA tangu 1994, na vyuo vyetu vya uhandisi vina wanafunzi wanaotafuta mada za miradi kila mwaka. Ukurasa mmoja wenye mchoro wa mwisho wa shafti, wenye vipimo, mshale wa mzunguko, mwelekeo wa uzi na flenji yenye bapa mbili, ungefaa kubandikwa ukutani kwa kila mkereza vyuma wa mkoa. Unafaa zaidi ya mabango kumi ya "Usalama Kwanza".

Mpaka mchoro huo upatikane, kuna mambo unayoweza kuyafanya leo ukiwa na mashine au ukimjua mwenye nayo. Zima, toa mkanda au chomoa umeme kabisa. Tazama kutoka upande wa nati: je, inafunguka kuelekea inakozunguka bledi? Toa bledi, futa nyuso zote nne zinazogusana kwa kitambaa kikavu, pitisha kucha kwenye ukingo wa flenji kutafuta mikwaruzo iliyoinuka. Rudisha, kaza kwa spana ya kawaida bila bomba. Kisha weka kipande cha mbao mezani kiguse jino moja, na uizungushe bledi taratibu kwa mkono. Likigusa upande mmoja na upande wa pili likaacha nafasi, umeshajua fito zako zinapotelea wapi.